Harufu ya lami mtaani, kuna sheria?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi nakaa Tabata, barabara yetu ya mtaa ilipigwa greda wakashindilia kifusi vizuri tu, juzi likaja gari likamwaga kitu cheusi chepesi kama uji mtaa mzima, toka hapo harufu ya mafuta ya taa haikatiki mpaka chumbani, na mwanangu ana pumu, usiku kifua kinambana. Nimemuuliza msimamizi kaniambia mama lami ndo ilivyo vumilia tu. Kweli hamna sheria? (Mama wa wawili, Tabata)

JIBU: Marahaba dada, pole sana. Mtoto kwanza: inhela iwe karibu, madirisha ya upande wa barabara funga, na kama kuna shangazi au bibi mtaa mwingine akalale huko siku chache. Kifua kikibana sana usisubiri kuche, mpeleke hospitali.

Sasa huyo msimamizi. Kilichomwagwa sio lami unayoijua, mafundi wanaita praimu, na kwa harufu hiyo karibu naapa ni MC-30, yani bitumeni imezimuliwa na mafuta ya taa ili kifusi kiinywe kabla ya lami yenyewe kuja juu. Humo mafuta yanaweza kukaribia nusu ya ujazo! Na hayabaki barabarani, hesabu za EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, zinasema aina hii inapoteza kama asilimia 70 ya mafuta yake hewani, na zile za kukauka haraka zinafika 95. Kwaio hiyo harufu ni mafuta yenyewe yanapaa, yakikutana na moshi wa magari na jua kama letu yanatengeneza ozoni ya huku chini, ambayo mgonjwa wa pumu ndo haitaki kabisa.

Wenzetu waliliona zamani. Mwaka 1977 EPA ilitoa mwongozo wa kuachana na lami za kuzimuliwa, watumie emalsheni, ambayo ni bitumeni iliyosagwa vitone vidogo vidogo ndani ya maji, ikikauka kinachopaa zaidi ni maji. Los Angeles na majirani zake wana kanuni namba 1108, lami ya kuzimuliwa isizidi asilimia 0.5 ya vitu vinavyopaa kwenye joto la nyuzi 260 au chini yake, weka hiyo pembeni ya ile nusu ya kwako uone.

Huku kwetu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kanuni za ubora wa hewa zipo toka 2007. Kwaio vumilia sio jibu. Pitia serikali ya mtaa, mwandikieni afisa mazingira wa manispaa kwa barua iliyopokelewa na kugongwa muhuri, piga picha maandishi ya kwenye mapipa, dai mtangaziwe siku ya kumwaga mapema wenye watoto na wagonjwa wajipange. Wakandarasi watasema emalsheni haizami kwenye kifusi kilichoshindiliwa sana, na kwa emalsheni za kawaida ni kweli, ila zipo zinazotengenezwa kwa ajili ya praimu, na kwa lami ya kugandisha tabaka moja na jingine, ambayo haihitaji kuzama, hawana kisingizio kabisa cha kukataa emalsheni. Mimi naona hili liandikwe kwenye mkataba kabla tenda haijatoka, maana gari likishafika mtaani mmechelewa.

SWALI: Mi kibarua wa lami Mbagala, jioni tunaoshea mikono dizeli, ina shida? (Kijana wa saiti)

JIBU: Ina shida mdogo wangu, acha leo. Dizeli inalainisha lami halafu inaisaidia kuingia kwenye ngozi, tumia mafuta ya kula kisha sabuni. Mwaka 2011 IARC, taasisi ya saratani iliyo chini ya WHO, iliweka kazi ya kutandaza lami barabarani kwenye kundi la vitu vinavyoweza kuleta saratani, kwaio kaa upande upepo unakotokea, na glavu na buti mdai mwajiri, sheria ya usalama kazini ya 2003 inamtaka akupe. Lami ya moto ikikurukia mwagia maji safi ya baridi mfululizo kama dakika 20, usiibandue, itang'oka na ngozi, waachie hospitali.