Koili ipoe, ipozwe au ipooze?

Mwalimu mmoja wa ufundi umeme aliyeko Morogoro ameniandikia hivi: "Naandaa mwongozo mfupi kwa vijana wa karakana. Sura moja inahusu namna ya kufunga na kupooza indakta ndani ya mashine za umeme, hasa mashine za kuchomelea na inveta za sola. Mwenzangu ameisoma, akakata 'kupooza' kila mahali na kuandika 'kupoza'. Nikamwonyesha kwamba magazeti yanaandika 'kituo cha kupooza umeme' kila leo. Nani kati yetu yuko sahihi? Na je, niandike indakta au koili?"

Indakta, au koili, ni waya uliozungushiwa kiini. Mwalimu ameambatisha sura yenyewe. Aya yake moja ninaiweka hapa kama ilivyo, maana nitairudia:

"Funga mashine. Subiri indakta ipooze. Fungua indakta, kisha funga mpya kwenye mashine. Kumbuka kwamba indakta iliyopoozwa na mafuta haihitaji feni."

Mwalimu, mwenzako yuko sahihi. Hata hivyo, alichokata ni kosa dogo kuliko mengine mawili yaliyojificha katika aya hiyo. Tuanze na hilo mlilogombania.

Kupoa ni jambo la kitu chenyewe: chai inapoa, homa inapoa, mota iliyozimwa inapoa taratibu bila kuguswa na mtu. Ukitaka kumtaja anayekipunguzia kitu joto, unachomeka z kabla ya irabu ya mwisho: poa inakuwa poza. Ndivyo pungua inavyokuwa punguza, potea ikawa poteza, jaa ikawa jaza. Mzizi ni po-, kwa hiyo o inabaki moja tu. Feni inapoza koili, nayo koili inapozwa.

Kupooza ni kitenzi kingine, chenye mzizi wake. Mkono umepooza, biashara imepooza, sherehe ilipooza mapema. Matunda yaliyonyauka kabla ya kuiva huitwa mapooza. Kote humo wazo ni moja, kukosa nguvu au uhai, na joto halimo. Fundi akikuambia "mota imepooza" utaelewa kwamba inazunguka kinyonge, pengine koili moja imeungua. Akisema "mota imepoa" utajua sasa unaweza kuishika. Kwa hiyo kijana anayeambiwa "subiri indakta ipooze" anaambiwa, kwa Kiswahili kilichonyooka, asubiri iharibike.

Najua hoja itakayoletwa: wapo wanaosema "pooza uji kidogo" na hakuna mtoto aliyewahi kuukosa uji kwa sababu hiyo. Ni kweli. Katika mazungumzo irabu hurefuka, na muktadha hubeba maana. Sitamkatiza mama jikoni kumfundisha vitenzi. Lakini mwongozo wa karakana unasomwa na mtu aliye peke yake mbele ya mashine, na mada yenyewe ina mambo yote mawili: vitu vinavyopoa na vitu vinavyopooza. Pale ambapo lugha imekupa maneno mawili kwa hali mbili, yatumie yote mawili.

Sasa hivyo vituo vya umeme. Magazeti ya Tanzania huandika "kituo cha kupoza umeme" na pia "kituo cha kupooza umeme", wakati mwingine ndani ya habari ileile. Umbo la kwanza ndilo la kushika. Ila ona kwamba kupoza huko hakuhusu joto. Chalinze, kwa mfano, umeme wa bwawa la Julius Nyerere hufika ukiwa na msongo wa kilovolti 400, na kazi ya kituo ni kuuteremsha ili uweze kusambazwa. Hapo poza imetumika kama tunavyosema kupoza hasira au kupoza makali: kukipunguzia kitu ukali wake. Ni matumizi mazuri, na siungi mkono wanaotaka yafutwe kwa madai kwamba "umeme haupozwi". Ubaya wake ni mmoja tu, kwamba hayafai kule kwenye mtambo wa kuzalisha, ambako transfoma hupandisha volti badala ya kuziteremsha.

Kwako wewe, Mwalimu, tatizo ni kwamba maana hizo mbili zitakutana kwenye ukurasa mmoja. "Transfoma ya kupoza umeme hupozwa kwa mafuta" ni sentensi sahihi, ila mwanafunzi lazima atasimama hapo na kukuna kichwa. Kwenye mwongozo wako acha kupoza kuwe kwa joto tu, na kwa volti andika kuteremsha, au kushusha.

Kosa la kwanza kati ya yale mawili makubwa liko katika maneno "iliyopoozwa na mafuta". Hata tukiondoa ile o ya ziada, "iliyopozwa na mafuta" bado haisemi ulichokusudia. Li ni ya wakati uliopita. Koili iliyopozwa ni ile ambayo mtu ameshaipoza, labda asubuhi ya leo, na sasa ni baridi. Wewe ulitaka kutaja aina ya koili, yaani ile ambayo inapofanya kazi huwa inapozwa kwa njia fulani. Hiyo ni "koili inayopozwa kwa mafuta", au katika sentensi kamili, "koili hii hupozwa kwa mafuta". Kosa hili limeenea sana kwenye miongozo ya mashine iliyotafsiriwa, na chanzo chake ni kutafsiri neno kwa neno. Anayeandika akiwaza kwa Kiswahili hasemi "gari lililoendeshwa kwa dizeli" akimaanisha gari la dizeli.

Tena, badala ya "na" andika "kwa". "Na" humtaja mtendaji: koili imefungwa na fundi. "Kwa" hutaja kifaa au njia: imefungwa kwa bolti, inapozwa kwa hewa, kwa maji, kwa mafuta. Feni iko katikati, maana watu huiona kama mtendaji; "inapozwa na feni" sitaikata.

Lililo nje ya lugha, lakini nimeliona: si kweli kwamba penye mafuta feni haihitajiki kamwe. Mafuta hayamalizi joto, huliondoa tu kwenye waya na kulipeleka kwenye kuta za tangi, na tangi nalo lazima litoe joto hilo hewani. Ndiyo maana transfoma kubwa zina mapezi ubavuni, na nyingine zina feni juu ya mapezi hayo. Andika "huenda isihitaji feni".

Kosa la pili ni funga, nalo ndilo linalonitia wasiwasi. Katika mistari michache umeandika funga mara mbili kwa maana mbili tofauti. "Funga mashine" ya mwanzo umekusudia izimwe. "Funga mpya" umekusudia ikazwe mahali pake. Lakini kwa mafundi wengi "kufunga mashine" ni kuisimika na kuiunganisha tayari kwa kazi: jana tulifunga mashine mbili za kusaga. Kijana anaweza kusoma amri yako ya kwanza akaelewa kwamba mashine iwekwe sawa, akaendelea na mkono wake ndani yake umeme ukiwa haujakatwa. Kwenye jambo la usalama usitumie neno lenye tafsiri mbili. Andika zima, na ongeza chomoa plagi. Kwa inveta ongeza pia kwamba asubiri, kwa kuwa kapasita, kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme, hubaki na chaji hata baada ya kuzimwa.

Funga ibaki kwa kukifanya kitu kishike mahali pake. Humo pia tuna vitenzi vya kuchagua, na si visawe. Kupachika ni kutia kitu mahali palipoandaliwa, hasa kitu chepesi. Kusimika ni kwa mtambo mzito, nguzo au jiwe la msingi. Koili ya ngumi moja haisimikwi. Kukaza ni kwa bolti na nati. Kubana ni kukiweka kitu katikati ya viwili. Tofauti ya hivi viwili vya mwisho ina faida ya wazi: kiini cha feraiti, aina ya kauri yenye sumaku, hubanwa, na bolti inayokibana haikazwi kwa nguvu zote, maana feraiti hupasuka kama kigae. Ukiandika "kaza kiini" umemkaribisha kijana akivunje.

Tuchukue mfano ulio kwenye sura yako, ule wa koili ya duara inayofungwa kwa bolti moja inayopita katikati ya tundu. Umeandika bolti hiyo "iunganishwe na mwili wa mashine". Iunganishwe upande mmoja au pande zote mbili? Kwa lugha, sentensi imetimia. Kwa umeme, ikigusa bodi ya chuma, yaani huo mwili wa mashine, kwa ncha zote mbili, bolti na bodi vinafanya kitanzi kilichofungika kukizunguka kiini, na kitanzi hicho kinakuwa kama raundi moja ya waya iliyopigwa shoti. Umeme utapita humo na bolti yenyewe itachemka. Kwa hiyo andika: "Funga koili kwa bolti moja. Ncha ya chini tu ndiyo iguse bodi. Ncha ya juu iwekewe washa ya plastiki na isiguse chuma kingine." Ni maneno mengi zaidi, ila hakuna la kubahatisha.

Pengine umeandika "simamisha koili ili hewa ipite". Nimekuelewa: nafasi kati ya waya ziwe wima, hewa ya moto ipande juu na ya baridi iingie chini. Lakini kusimamisha mashine ni kuizima, na sasa umesimamisha koili! "Weka koili wima" inatosha.

Nimetaja kuchemka hapo juu kwa makusudi. Mafundi husema mota inachemka, gari linachemsha, na sioni sababu ya kuwakosoa, kila mtu anajua hakuna maji yanayotokota. "Imepata moto" nayo ni sawa. Lakini "koili imeshika moto" ina ndimi za moto ndani yake. Kwenye ripoti ya ajali tofauti hiyo inaweza kuamua nani analipa. Ukitaka kuwa makini zaidi andika "joto la koili limepanda", kisha taja nyuzi. Vihami, yaani vile vinavyofunika waya visipitishe umeme, vya daraja F hustahimili nyuzi 155 za Selsiasi, vya daraja H nyuzi 180, na nambari zina faida ya kutogombaniwa kimaana. Waeleze pia vijana kwa nini joto la koili hujichochea lenyewe: ukinzani wa shaba, yaani kadiri inavyozuia umeme kupita, huongezeka kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo koili iliyopanda nyuzi 100 ina ukinzani wa karibu mara 1.4 ya ule wa mwanzo, nao huzaa joto zaidi kwa umeme uleule.

Swali lako la indakta au koili lina jibu fupi. Koili ndilo neno la karakana na halina haja ya kuombewa kibali. Indakta ni sahihi, itumie kwenye sehemu ya hesabu, pale unapotaja henri, kipimo cha uwezo wa indakta. Ile iliyoko kwenye mashine ya kuchomelea, inayofanya umeme utiririke sawia ili moto wa fimbo usikatikekatike, mafundi wanaiita choki, kama ile ya taa ya tyubu. Neno hilo libaki. Ukianza na "choki, ambayo ni aina ya indakta", huna haja ya kueleza tena. Jihadhari na stata tu: kwa wengi stata ni ya kuwashia taa au pikipiki. Ukitaka sehemu ya mota isiyozunguka, ieleze hivyo hivyo mara ya kwanza.

Neno ambalo hukuniuliza ni mzunguko, na nimelikuta limetawala sura nzima. Umeandika mizunguko 1,450 kwa dakika, koili ya mizunguko 120, na mzunguko wa umeme uliokatika. Mambo matatu, neno moja. Liache kwa mota inayozunguka. Waya uliozungushiwa kiini uhesabu kwa raundi, na njia ya umeme iite sakiti. Na kitenzi ni zungushia, si zungusha: anayezungusha waya anauchezesha hewani.

Aya yako ningeiandika hivi:

"Zima mashine na uchomoe plagi. Subiri koili ipoe. Legeza nati, toa koili, kisha funga mpya ndani ya mashine kwa bolti ileile, bila kuikaza kupita kiasi. Koili inayopozwa kwa mafuta huenda isihitaji feni. Inayopozwa kwa hewa isizibiwe njia ya upepo."

Nimeandika "ndani ya mashine" kwa sababu "kwenye mashine" inaweza kuwa juu yake au ubavuni. Na wingi wa koili ni koili: koili imeungua, koili zimeungua. "Makoili" ninayoyaona kwenye kichwa cha sura yako uyaondoe, labda kama unazungumzia makubwa ya kutisha.