"Nimepata" si jibu

Wadogo zangu mnaoanza kuongoza ndege hapa Lubumbashi, mtaambiwa kwamba kazi yetu ni kuzungumza na marubani. Ni kweli, ila makosa mengi niliyoyaona yalizaliwa kwenye simu, baina yetu sisi tulio chini.

Alasiri moja ya Januari mvua ilikuwa imefunga, ndege tatu zinazunguka zikisubiri. Rubani mmoja alikuwa ananirudishia maagizo, yaani kuyarudia ili nihakikishe ameyasikia sawasawa, simu ikalia. Nikaipokea, sikio moja huku, jingine kule. Mwenzetu wa kituo jirani alikuwa ananikabidhi jeti inayoshuka, kwa Kifaransa cha Ufaransa: kiwango cha 170, yaani kimo cha kama futi 17,000. Nanyi mnajua kinavyohesabu, sabini si "septante" kama kwetu, ni "soixante-dix", sitini na kumi. Laini ikakwaruza, ile "dix" ikapotea, nami nikaandika 160. Nikasema "nimepata", nikaweka simu.

Mbele ya jeti hiyo, njia ileile, ilikuwepo ndege ya propela inayokwenda polepole kwenye 170. Katika karatasi zangu, zile tunazoandikia kiwango cha kila ndege, kulikuwa na futi 1,000 kati yao. Angani hapakuwa na hata futi moja. Jeti ilipoita na kutaja kiwango chake, nilitazama mwandiko wangu, mkono ukafa ganzi. Nafasi ya mbele na nyuma ilikuwa bado ipo, nikazitenganisha mara moja. Usiku ule sikulala.

Tangu siku hiyo sisemi "nimepata". Narudia tarakimu mojamoja, moja, saba, sifuri, na siweki simu mpaka mwenzangu athibitishe. Na rubani anaporudisha maagizo, simu na ilie. Sekunde tano haziui mtu.

Kuhusu wingi wa kazi, naomba mnisikilize vizuri: omba msaada ungali na mdomo wa kuombea. Ukishaanza kuwaambia marubani wawili mfululizo "subiri", ukiona karatasi ya ndege imebaki haijaandikwa, tayari umechelewa kidogo. Mwambie jirani aishikilie ndege upande wake kwanza. Atanung'unika. Mwache anung'unike.

Tarehe 1 Julai 2002, ndege mbili ziligongana usiku juu ya Überlingen, Ujerumani, watu 71 wakafa. Mwongozaji aliyekuwa Zurich alikuwa peke yake akihudumia meza mbili, mwenzake akipumzika, na laini kuu za simu zilikuwa zimezimwa kwa matengenezo. Wenzake wa kituo cha Karlsruhe, Ujerumani, waliiona hatari ile wakajaribu kumpigia simu. Hawakumpata. Kila nikikumbuka simu ile isiyopita, naona kwamba yule mtu alilemewa kabla hata ndege hazijakaribiana. Kwa hiyo msikubali kuachwa peke yenu mnarani kwa sababu tu kumetulia.

Maana utulivu nao una hila. Ndege ya mwisho ikishatua, mwili unalegea, na hapo ndipo gari la ukaguzi linasahaulika kwenye pisti, ile njia ya kutua na kuruka. Mimi nina kipande cha mbao nilichokipaka rangi nyekundu. Gari likiingia pistini, nakilaza juu ya karatasi za ndege, pale mkono wangu lazima ukiguse kabla sijamruhusu yeyote kutua au kuruka. Hakiondoki mpaka dereva aseme ametoka nami nimemwona kwa macho.

Na ukimaliza zamu, usikimbilie basi. Simama nyuma ya aliyekupokea dakika chache, kimya, umsikilize akiongea na ndege ulizomwachia. Lile ulilosahau kumwambia utalisikia hapo.