Bunduki ya Mjerumani darini, itapiga tena?

SWALI: Shikamoo mzee. Mi niko Ujiji. Tulikuwa tunabomoa dari la nyumba ya marehemu babu tukakuta bunduki ndefu imefungwa kwenye gunia, kitako kimeliwa na mchwa upande mmoja, chuma kina kutu, afu pembeni imeandikwa 71. Shangazi anasema ilikuwa ya baba yake babu, alikuwa askari wa Mjerumani. Fundi wa mageti hapa mtaani anasema ataifufua, na mi natamani siku ya kisomo cha babu ipigwe hata moja hewani kwa heshima yake. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana na msiba. Usimpe huyo fundi. Geti likichomelewa vibaya linalegea tu, ila mtutu ukichomelewa vibaya unampasukia usoni aliyeushika pamoja na waliosimama karibu, na siku ya kisomo hao ni ndugu zako.

Hiyo 71 inanipa picha. Kama ndo ninayoidhania ni Mauser ya muundo wa mwaka 1871, milimita 11, inaingia risasi moja moja, na vita ilipoanza 1914 askari wengi wa Mjerumani huku kwetu walikuwa bado wanabeba hizo hizo za zamani zinazotumia baruti nyeusi, ukipiga moja tu moshi unapanda juu ya kichaka na adui ameshajua ulipo. Chuma chake kilipimwa kwa baruti ile, sio hizi za sasa zenye msukumo mkubwa. Ongeza na kutu ya miaka yote hiyo ndani ya mtutu ambako jicho halifiki, nje utaisugua ing'ae kumbe ndani ni mashimo matupu.

Najua wa Kigoma mtaniambia mbona Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, ilifufuka. Kweli ilifufuka, na hiyo habari naipenda mno. Ilitengenezwa Ujerumani 1913 ikaitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande ikapakiwa kwenye makasha kama 5,000, ikaletwa kwa meli mpaka Dar afu kwa reli mpaka Kigoma, 1915 ikashushwa ziwani. Ikafungwa mzinga uliotoka kwenye manowari ya Königsberg iliyofia Rufiji. Julai 1916 Wajerumani walipoona Kigoma inawaponyoka waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, ila mafundi walipaka injini grisi nzito kwanza maana walikuwa na nia ya kuirudia, na Waingereza walipoiinua 1924 wakakuta bado inatengenezeka, 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Sasa angalia, mzinga ulikuwa umeshang'olewa kabla haijazama, na haukurudishwa. Kilichorudi ni meli ya kubeba watu na dagaa na mizigo yao. Alafu ile ilihifadhiwa na watu wanaojua injini, ya kwenu imekaa kwenye gunia na mchwa.

Halafu kuna sheria, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kumiliki bunduki lazima uwe na leseni, na kutengeneza silaha sio kazi ya yeyote mwenye mashine ya kuchomelea. Fundi wako ataingia matatani na wewe pamoja naye. Uzee wa bunduki hautakuokoa, na kusema ni ya urithi pia hakutakuokoa.

Heshima ya babu yenu bado ipo lakini. Polisi wakishaikagua na taratibu zikaenda, uliza kupitia afisa utamaduni wa halmashauri kama inaweza kuhifadhiwa makumbusho ikiwa na maelezo ya familia yenu. Kwaiyo usiipige msasa, kutu ukiitoa kwa nguvu inaondoka na ile mihuri na namba, na hizo ndo zinaweza kusema ilitoka kiwanda gani. Na shangazi yako mkalishe leo leo, mrekodi kwenye simu, huyo baba yake babu alikuwa anaitwa nani huko jeshini, alirudi lini, nani aliiweka darini na kwa nini aliificha, maana hayo hakuna fundi wa kuyafufua.

Ila kwanza polisi. Usijaribu kuifungua uone kama ina risasi ndani, na mkikuta risasi kwenye gunia msiziguse, watoto wasipande huko. Usiibebe kwenye bodaboda pia. Nenda kituoni mikono mitupu na shangazi au mjumbe wenu, waambie iko darini, waje waichukue wenyewe.