Juisi ya bluberi na wasiwasi: inasaidia?

Kwa uliyeuliza kama juisi ya bluberi inapunguza wasiwasi: kwa wasiwasi wenyewe, usiitegemee. Jaribio linalotajwa sana ni la Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, lililochapishwa 2017. Watoto na vijana walipewa kinywaji chenye miligramu 253 za anthosianini (ile rangi ya zambarau inayong'ang'ania vidoleni), wakapimwa hisia saa mbili baadaye. Uchangamfu ulipanda. Hisia mbaya hazikushuka. Na washiriki walikuwa wachache, watu wenye afya, si wagonjwa.

Ukitaka kujaribu, chukua bluberi zilizogandishwa, kikombe kimoja na nusu, usage na nusu kikombe cha maji baridi. Usichuje! Rangi nyingi imo kwenye ganda, na ukichuja unamwaga kile ulichokinunua kwa bei mbaya. Usichemshe pia, kwa sababu moto unaivunja anthosianini. Kunywa papo hapo. Juisi iliyosagwa ikikaa hubadilika kuwa kahawia, maana vimeng'enya vya tunda na hewa vimeshaanza kuila. Za boksi soma lebo kwanza, baadhi huchanganywa na juisi ya tufaha au sukari.

Kama unameza vidonge vya madini ya chuma, tenganisha kwa saa mbili, kwani polifenoli (kundi la kemikali za mimea, anthosianini ikiwemo) huzuia chuma kufyonzwa. Dawa za wasiwasi ulizoandikiwa usiziache kwa ajili ya juisi. Wasiwasi ukikunyima usingizi wiki mbili mfululizo, nenda kamwone daktari.