Re: Tangi la mtumba linavuja kidogo, nihamishie samaki vipi?

Mkuu, tangi la sentimita 150 × 50 × 50 likijaa ni kilo 375 za maji peke yake, bado kioo na changarawe. Meza ya TV isahau.

Kuhusu kuvuja: silikoni (gundi ya vioo) mpya haishiki juu ya ile ya zamani, kwa hiyo kupaka kiraka ni kupoteza hela. Kwangua ya ndani yote kwa wembe (iliyo katikati ya vioo usiiguse), futa kwa spiriti, paka silikoni ya akwariamu isiyo na dawa ya kuvu. Mimi ningeiacha wiki nzima, harufu ya siki iishe kabisa. Kisha jaza tangi likiwa nje, mahali pa usawa, siku 3, na upitishe tishu kavu kwenye pembe. Ukungu mweupe kwenye kioo usafishe kwa siki; sabuni hapana.

Siku ya kuhama, sponji za filta zisiguse maji ya bomba. Klorini ya maji hayo huua bakteria wanaokula amonia (sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki), na samaki hufuata siku chache baadaye. Ziweke kwenye ndoo ya maji ya tangi la zamani, kisha uwashe filta nazo kwenye tangi jipya siku hiyohiyo. Wiki 2 za mwanzo lisha kidogo, pima amonia kila siku. Ikionekana, badilisha robo ya maji, yakiwa yameshaondolewa klorini.