Jibu: Kitenge kinabanduka kwenye mkebe wa zawadi

Habari dadangu. Umesema kitenge ulichobandika kwenye mkebe wa maziwa ya unga, zawadi ya mwalimu, kinaachia pale ncha zinapokutana. Kabla hujabadilisha gundi, pitisha kidole kwenye bati. Likinata, gundi ya lebo bado ipo. Mimi hulipaka mafuta ya kupikia, nasubiri robo saa, nasugua kwa waya wa sufuria, kisha naosha kwa sabuni mpaka utelezi uishe, nakausha kabisa. Gundi nyeupe ya seremala, paka nyembamba. Ikizidi hupenya na kuacha madoa. Ncha zipishane upana wa kidole, ufunge kwa kipande cha tyubu ya baiskeli hadi kesho. Mabaki ya kitenge omba kwa fundi cherehani. Wangu wa Kawangware hunijazia mfuko bure. Mkebe wa plastiki sijajaribu.