Signum Ikisogea, Kikosi Kimesogea: Ushauri kwa Wanaoigiza Jeshi la Kirumi

Katika mwaka wangu wa pili wa kubeba signum, ule mti wenye alama ya kikosi, kwenye kikundi chetu cha kuigiza jeshi la Kirumi, hapa Ujerumani, nilifanya kosa ambalo hadi leo ndilo ninalowasimulia kwanza wanaotaka kushika kazi hiyo. Tulikuwa uwanjani mbele ya watazamaji, tumejipanga safu nne tukisubiri amri ya akida wetu, nami nikauinamisha mti mbele kidogo ili mkono wa pili uukaze ukanda wa kofia. Nusu ya kikosi ikaanza kutembea. Hakuna aliyepaza sauti wala baragumu halikulia; watu waliona signum imeinama, wakafuata kama walivyofunzwa. Siku hiyo nilielewa kwamba mshika signum hana mwendo wake binafsi.

Kwa msomaji aliye mgeni wa mambo haya, signum ilikuwa alama ya senturia, yaani kikosi cha askari wapatao 80 chini ya akida: mti mrefu uliopambwa kwa visahani vya madini, na juu yake mara nyingi kiganja cha mkono au ncha ya mkuki. Legioni nzima, yaani jeshi lililoundwa na senturia nyingi, ilikuwa na tai wake mmoja, sanamu ya ndege huyo juu ya mti, na vikosi vilivyotengwa kwa kazi maalumu vilitembea chini ya vexillum, kitambaa cha mraba kilichoning'inia kwenye ufito uliokingama. Vexillum iliyopatikana Misri, ambayo sasa imehifadhiwa Moscow, ina takribani nusu mita tu kila upande, na ndiyo maana nawasihi wanaojishonea wasitamani kitambaa kikubwa, kwa kuwa upepo hukigeuza kuwa tanga na mbebaji hushindwa kutoa ishara yoyote inayosomeka.

Mwandishi wa Kirumi Vegetius aligawa ishara za vita katika aina 3: za sauti ya binadamu, za ala za kupulizwa, na za kimya, ambazo ni tai, signa (wingi wa signum) na bendera. Jambo ambalo vikundi vingi hulipita haraka ni maelezo yake kwamba baragumu linapolia, wanaolitii si askari bali ni signa, na askari nao huzifuata signa. Huo ni mnyororo, na kila pete yake inahitaji mazoezi. Mpuliza baragumu asimame karibu nawe kiasi cha kuonana naye bila kugeuza kiwiliwili. Akida aseme nanyi wawili, wala asihangaike kuwapigia kelele watu 30 waliovaa kofia za chuma zenye vifuniko vya mashavu, huku ngao zikigongana. Aliye safu ya tatu hasikii neno, ila juu ya vichwa vya wenzake anaiona signum. Nashauri angalau nusu ya kila zoezi ifanyike bila mtu yeyote kusema, kwa maana hapo ndipo utakapojua kama watu wanaitazama au wanaigana tu.

Wapo wanaobuni ishara 10 au 15. Mimi sikubaliani nao. Hakuna mwongozo wa Kirumi uliotufikia unaoeleza mti uliinamishwaje kwa amri ipi, lakini lugha yao yenyewe inatuonyesha yaliyokuwa ya msingi: kushambulia waliita kuzipeleka signa mbele, kurudi nyuma ni kuzirudisha, na kubadili uelekeo ni kuzigeuza. Sisi tunatumia hizo tatu, pamoja na kung'oa mti ardhini kama ishara ya kujiandaa. Baada ya tukio lile tuliongeza kanuni moja ambayo ni yetu wenyewe: mti huinamishwa kuelekea upande wa kwenda, hushikiliwa kwa pumzi mbili, na hakuna anayenyanyua mguu mpaka usimamishwe wima tena. Kuinama ni tahadhari, kusimama ni utekelezaji.

Jambo la mwisho ni nafasi. Mwaka 57 kabla ya Kristo, kwenye vita vya mto Sabis, jemadari wa Kirumi Julius Kaisari aliikuta legioni ya 12 imezikusanya signa zake mahali pamoja, askari wamebanana hata wanazuiana kupigana. Kohorti ya 4, yaani mojawapo ya sehemu za legioni hiyo zenye senturia kadhaa, ilikuwa imepoteza maakida wake wote, mshika signum ameuawa, na signum yenyewe imepotea. Aliamuru signa zisogezwe mbele na vikosi vitanuke ili panga zipate nafasi. Hali hiyohiyo huonekana hata katika maigizo, kwa kuwa mtu akipata wasiwasi huisogelea alama yake. Dawa yake iko mikononi mwa mbebaji: songa taratibu, pima umbali wako na signum ya jirani kila mnaposimama, na usirudi nyuma hata hatua moja bila amri.

Fanyeni mazoezi siku ya upepo, mkiwa na silaha zote. Mti ukikuelemea, omba ruhusa kwa akida kabla ya kubadili mkono. Ukanda wa kofia ukilegea, mwombe aliye karibu nawe akukazie.